Watoto waliovushwa Plantage Middenlaan

Katikati ya mtaa wa Plantage Middenlaan, Amsterdam, hupita reli ya tramu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, upande mmoja palikuwa na ukumbi wa maigizo, Hollandsche Schouwburg, na upande wa pili, karibu uso kwa uso nao, chekechea ya Kiyahudi. Wanazi waliivamia Uholanzi Mei 1940. Mwaka 1942 waliugeuza ukumbi ule kuwa kituo cha kukusanyia Wayahudi kabla ya kuwapeleka kambi ya Westerbork, na kutoka huko Auschwitz na Sobibor, kwenda kuuawa.

Ukumbi ulifurika, na vilio vya watoto viliwaudhi walinzi. Ikaamriwa watoto wadogo wavushwe barabara, wakae chekechea hadi wazazi wao watakapopangiwa safari. Amri hiyo, iliyotolewa kwa kuchoshwa na makelele, iliacha mwanya, nao wachache wakaupenya.

Kazi ya kuwatoa watoto kwa siri ilianzia kwenye karatasi. Mtoto asiyekuwemo kwenye daftari hatafutwi na mtu. Walter Süskind, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani, aliwekwa na Baraza la Wayahudi, chombo kilichoundwa kwa amri ya Wanazi, kusimamia shughuli za ukumbini. Alizungumza Kijerumani cha nyumbani, akacheka na maofisa wa SS, kikosi cha Wanazi, akawanywesha pombe. Baadhi ya Wayahudi wenzake walimtilia shaka, wakidhani ni kibaraka. Kumbe yeye na Felix Halverstad walikuwa wakifuta majina ya watoto kwenye kumbukumbu na kuchezea hesabu, ili idadi ya wanaoondoka ilingane na iliyoandikwa.

Chekechea iliongozwa na Henriëtte Pimentel, Myahudi aliyekuwa amevuka miaka 60, akisaidiwa na walezi ambao wengi walikuwa wasichana wa Kiyahudi. Mtoto hakuchukuliwa bila ruhusa ya wazazi, na hapa ndipo palipokuwa pazito kuliko pote. Msichana wa miaka 18 au 19 anavuka barabara, anamwendea mama asiyemfahamu, anamwomba amwachie mwanawe. Hawezi kumwambia mtoto atapelekwa kwa nani, wala kama wataonana tena. Wengi walikataa. Nani awalaumu? Waliambiwa wanakwenda kufanya kazi, na mzazi gani humtupa mwanawe kwa sababu ya safari ya kazi? Waliokubali wenye watoto wachanga waliweza kupewa mwanasesere aliyeviringishwa blanketi, wakampakata mbele ya walinzi kana kwamba ni mtoto wao.

Kumtoa mtoto nje kulihitaji kuvizia. Tramu ilipopita iliwakinga wasionekane na walinzi waliokuwa mlangoni mwa ukumbi. Dakika hiyo mlezi alitoka na mtoto, akatembea sambamba na behewa. Wengine walipitia nyuma. Bustani ya chekechea ilikaribiana na ya chuo cha ualimu cha Kiprotestanti kilichoongozwa na Johan van Hulst, aliyekuwa na umri wa miaka 30 na kidogo tu. Watoto walipitishwa juu ya ua wa miti, wakafichwa chuoni, kisha wakatolewa ndani ya mifuko na vikapu. Wanachuo wake walisaidia.

Kutoka hapo waliwapokea vijana wa vikundi vya siri, wakiwemo wanafunzi wa vyuo vikuu vya Utrecht na Amsterdam, wakapanda nao treni hadi Friesland kaskazini au Limburg kusini. Huko familia za wakulima, wachimba migodi na wachungaji wa kanisa ziliongeza sahani mezani wakati chakula kilipatikana kwa kadi za mgawo. Joop Woortman, mmoja wa viongozi wa vikundi hivyo, alikamatwa akafia kambi ya Bergen-Belsen mwaka 1945.

Inakadiriwa watoto 600 hivi waliokolewa kupitia chekechea ile. Kwa jumla, Wayahudi zaidi ya 100,000 wa Uholanzi waliuawa, yaani takriban watatu katika kila wanne. Pimentel alikamatwa Julai 1943 akauawa Auschwitz Septemba mwaka huohuo. Chekechea ilifungwa mwisho wa mwezi huo. Mke na binti wa Süskind waliuawa Auschwitz, naye mwenyewe hakurudi.

Van Hulst aliishi miaka 107, akafariki Machi 2018. Aliwahi kuwa seneta na mbunge wa Bunge la Ulaya, na mwaka 1972 taasisi ya Yad Vashem ya Israeli ilimtunuku heshima ya Mwenye Haki Miongoni mwa Mataifa. Sifa hazikumfurahisha sana. Kila alipohojiwa alirudia habari za siku chekechea ilipofungwa, alipolazimika kuchagua wachache wa kuondoka nao na kuwaacha wengine.

Heshima ile, kwa masharti yake, hupewa wasio Wayahudi pekee, waliookoa Wayahudi. Kwa hiyo jina la Van Hulst limo, la Pimentel na la Süskind hayamo, ingawa bila wao hapangekuwa na mtoto wa kupitisha juu ya ua. Mtu anaweza kuona sababu ya sharti hilo. Lakini matokeo yake ni kwamba simulizi za uokoaji huonyesha Wayahudi kama mizigo iliyobebwa, ilhali hapa waliotangulia kuhatarisha roho zao walikuwa haohao waliokwisha kuandikiwa kifo.

Vita vilipokwisha ulizuka mgogoro mwingine. Serikali iliunda tume ya kuamua yatima wa Kiyahudi walelewe na nani, na baadhi ya kesi, kati ya walezi Wakristo waliowazoea watoto na jamaa wa Kiyahudi waliowadai, zilichukua miaka.