Jina Lako ni Nani? Historia ya Majina Yetu na Heshima ya Mtu



Katika ofisi ya kila parokia kuna daftari kubwa la ubatizo. Wazazi vijana wanapofika kuandikisha mtoto wao, jina la ubatizo hulitaja upesi, tena kwa furaha, maana wamelichagua tangu mimba ikiwa changa. Lakini wakiulizwa jina la nyumbani, yaani lile la babu, la bibi au la ukoo, mara nyingi hutazamana. Wapo wanaosema halina haja. Wapo wanaosema kwa sauti ya chini kwamba ni jina la kishamba, na mtoto atachekwa shuleni. Juma hili napenda tutafakari pamoja juu ya aibu hiyo: imetoka wapi, na je, ni kweli kwamba imani yetu ndiyo iliyotuagiza kuibeba?

Tuanze mbali kidogo, katika Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Danieli kinasimulia jinsi vijana wa Kiyahudi walivyopelekwa uhamishoni Babeli, na jambo la kwanza walilotendewa katika jumba la mfalme lilikuwa kubadilishwa majina. Danieli akaitwa Belteshaza. Hanania, Mishaeli na Azaria wakaitwa Shadraka, Meshaki na Abednego. Mtawala yule alijua analolifanya. Majina ya Kiyahudi yalimtaja Mungu wa Israeli. Mapya yalikusudiwa kuwafanya watu wa Babeli, wasahau walikotoka. Lakini tazameni: katika ule wimbo wa tanuru ya moto, ambao Kanisa huusali katika Masifu ya Asubuhi, vijana wale watatu hawajitaji kwa majina ya mfalme. Wanajihimiza kumsifu Bwana kwa majina waliyopewa na wazazi wao. Mfalme aliweza kubadilisha majina katika vitabu vyake vya jumba; hakuweza kuyabadilisha katika sala yao.

Historia ya bara letu ina uhamisho wake. Biashara ya watumwa haikuchukua miili tu, ilichukua na majina. Mtoto wa Kiyao aliyekamatwa katika karne ya 19 na kuuzwa hadi India anakumbukwa na historia kwa jina la Sidi Mubarak Bombay. Huyo ndiye aliyewaongoza Burton na Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 kwenda Ziwa Tanganyika, na baadaye akafuatana na Stanley na Cameron. Alivuka bara zima kwa miguu, akazijua njia zake kuliko mabwana waliomwajiri, na bado dunia inamwita kwa jina la mji wa ugenini alikofanywa mtumwa.

Mtakatifu Yosefina Bakhita naye alizaliwa Darfur, nchini Sudan, yapata mwaka 1869. Alitekwa akiwa mtoto mdogo, na kwa hofu na mateso aliyoyapata alisahau jina alilopewa na wazazi wake. Hakulikumbuka tena hadi kufa kwake huko Schio, Italia, tarehe 8 Februari 1947. Jina Bakhita alipewa na watekaji wake. Kwa Kiarabu maana yake ni mwenye bahati, na ni ndugu wa neno letu la Kiswahili, bahati. Walimwita mwenye bahati huku wakimfunga minyororo! Alipobatizwa tarehe 9 Januari 1890, kati ya majina yake ya ubatizo likawemo Fortunata, ambalo ni bahati ileile kwa Kilatini. Neno lililotoka katika vinywa vya watesi wake likaoshwa katika maji ya ubatizo, na tarehe 1 Oktoba 2000 likaandikwa katika orodha ya watakatifu. Neema ya Mungu ni kubwa. Hata hivyo tusisahau kilichopotea: mama mmoja wa Darfur alichagua jina kwa upendo, na leo hakuna mwanadamu anayelijua.

Wahenga walisema: mwacha asili ni mtumwa. Bakhita hakuacha asili yake, alinyang'anywa. Swali linalotuuma ni letu sisi ambao hakuna aliyetunyang'anya. Tunaacha kwa hiari kile ambacho yeye angetoa machozi kukipata.

Je, wazee wetu walifanya nini walipompa mtoto jina? Hawakutafuta sauti tamu tu. Miongoni mwa Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa kwa jina la babu mzaa baba, na wa pili kwa jina la babu mzaa mama, ili kila upande wa ndoa uheshimiwe na pasiwepo mzee anayesahauliwa. Mjaluo akiitwa Otieno, tunajua alizaliwa usiku. Akiitwa Okoth, mvua ilikuwa ikinyesha. Pacha wa Kisukuma ni Kulwa na Doto, na jina pekee latuambia nani alitangulia. Nchini Rwanda, siku ya nane baada ya kuzaliwa, watoto wa majirani hualikwa kula pamoja, na kila mmoja hupendekeza jina la mtoto mchanga. Ukisoma Injili ya Luka utaona sherehe inayofanana na hiyo: siku ya nane majirani na jamaa walikusanyika nyumbani kwa Zakaria, nao wakawa na jina lao walilopendekeza. Na huko Rwanda mtu huitwa Habimana, yaani Mungu yupo, au Hakizimana, yaani Mungu ndiye aponyaye. Neno Imana lilikuwa katika vinywa vya wahenga wa Rwanda kabla ya wamisionari kufika Save mwaka 1900. Jina la namna hiyo ni kanuni ya imani iliyofupishwa katika neno moja.

Basi aibu ilitoka wapi? Ilitoka kwa sehemu shuleni na ofisini, ambako jina lililokuwa gumu kwa ulimi wa mgeni lilipotoshwa au kuachwa. Mwenye heri Anuarite wa Kongo ni mfano. Jina Anuarite lilikuwa la dada yake. La kwake lilikuwa Nengapeta. Siku ya kuandikishwa shuleni majina yakachanganywa, na lile la dada yake likabaki juu yake mpaka kifo chake huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964. Nengapeta maana yake ni mali hudanganya. Fikirini utajiri wa jina hilo kwa mtawa aliyeweka nadhiri ya ufukara, na jinsi lilivyokaribia kupotea kwa sababu ya kosa la kalamu.

Kwa sehemu nyingine aibu ilitoka katika kuielewa vibaya sheria ya Kanisa. Wengi waliamini kwamba ili kuwa Mkristo ni lazima kulitupa jina la Kiafrika. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, kanuni ya 761, zilimtaka paroko ajitahidi mtoto apewe jina la Kikristo. Lakini kanuni hiyohiyo iliagiza kwamba isipowezekana, jina la mtakatifu liongezwe juu ya lile walilotoa wazazi, na majina yote mawili yaandikwe kitabuni. Iliagiza kuongeza, haikuagiza kufuta. Na Sheria za mwaka 1983, ambazo ndizo tunazozifuata, zinasema katika kanuni ya 855 kwamba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa hisia ya Kikristo. Haikuandikwa popote kwamba lazima liwe jina la Ulaya.

Tukirudi katika Kanisa la mwanzo tutashangaa zaidi. Mtakatifu Felisita, aliyeuawa Karthago, katika Afrika ya Kaskazini, mwaka 203 pamoja na Perpetua, alikuwa mtumwa, na jina lake lilimaanisha heri. Miaka mingi kabla ya Bakhita, mtumwa mwingine wa Kiafrika aliitwa mwenye heri! Jina Martino latokana na Mars, mungu wa vita wa Warumi. Dionisi latokana na mungu wa mvinyo wa Wayunani, na bado lilichukuliwa na Papa wa karne ya 3 ambaye twamheshimu kama mtakatifu. Majina hayo hayakuwa ya Kikristo. Yalifanywa ya Kikristo na watu walioyabeba vizuri. Kwa nini tuamini kwamba neema iliyoweza kumtakasa Mars haiwezi kuligusa jina la babu zetu? Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, akapewa jina Kambarage, ambalo kwa Wazanaki ni la roho wa mvua. Alipobatizwa mwaka 1943 alipokea jina Julius, lakini Kambarage hakulitupa. Alilibeba hadi Ikulu, na alilibeba hadi kaburini mwaka 1999.

Namugongo inatufundisha jambo hilohilo. Usiku wa mwisho kabla ya hukumu yao, mwezi Mei 1886, Karoli Lwanga aliwabatiza wenzake wachache waliokuwa bado wakatekumeni. Miongoni mwao walikuwamo Kizito, aliyekuwa kijana mdogo kuliko wote, Mbaga Tuzinde, Mugagga na Gyavira. Papa Paulo VI alipowatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, waliingia katika orodha ya Kanisa zima kwa majina yao ya Kiganda. Leo watoto wa Kenya, Tanzania na kwingineko hubatizwa kwa jina Kizito, na hakuna anayeuliza kama ni la Kikristo. Damu ya kijana mmoja imejibu swali hilo.

Hata hivyo, wapendwa, tuwe waangalifu, kwa maana mila nayo yaweza kugeuzwa kuwa fimbo. Mwaka 1972 Rais Mobutu wa Zaire aliwaamuru raia wote waache majina ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika, na mapadre watakaobatiza kwa majina ya kigeni wakatishiwa kifungo cha miaka 5. Kardinali Joseph-Albert Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Tena Malula hakuwa mtu wa kudharau Uafrika. Ni yeye aliyefanya kazi kwa miaka mingi ili Misa iadhimishwe kwa roho ya watu wake, hata Roma ikaidhinisha Misale ya majimbo ya Zaire mwaka 1988, ambamo wahenga waadilifu huitwa pamoja na watakatifu mwanzoni mwa adhimisho. Alichopinga ni utu wa mtu kuamuliwa kwa amri ya serikali. Anayekulazimisha kuacha jina lako na anayekulazimisha kulichukua, wote wawili hawajakuuliza wewe ni nani.

Nageukia sasa nyumba zetu. Katika posa, wazee huuliza kwanza: huyu ni mtoto wa nani? Vijana wengi huona ni swali la kupoteza muda, lakini kwa kweli ni swali la heshima. Kijana anayewaficha wachumba wake kijiji chake, bibi yake na jina lake la nyumbani anaomba kupendwa kwa sura aliyoiazima. Siku ile sura itakapochakaa, atamwonyesha mwenzake nani? Mapenzi yaliyojengwa juu ya kuficha huzaa hofu, na hofu huzaa ukali. Nanyi akina baba, msisahau kwamba mkeo anayeitwa Mama Fulani, nalo ni jina la heshima, alikuja kwako akiwa na jina alilopewa na wazazi wake. Katika makabila yetu mengi mwanamke aliyeolewa hakupoteza jina la ukoo wake. Ulikuwa ushahidi kwamba nyuma yake kuna watu. Mwite kwa jina hilo mara mojamoja. Neno "wewe" linalotupwa mezani kila jioni hupunguza utu wa mtu kidogo kidogo, kama matone yanavyokula jiwe.

Napendekeza mambo matatu kwa juma hili. Kwanza, kila mmoja amwulize mzee wa ukoo wake maana ya jina lake la nyumbani, na nani alilibeba kabla yake. Wazee wanaondoka, na kila mmoja anaondoka na majina kadhaa. Pili, wazazi mnaosubiri mtoto, keti pamoja, pande zote mbili za ukoo, mlichague jina la mtakatifu na la nyumbani kwa uzito uleule. Tatu, mwenye jina zito, kama Tabu, Shida au Mashaka, asione haya. Aliyempa alikuwa akisimulia siku ngumu aliyoivuka akiwa na mtoto mikononi. Jina hilo ni ushuhuda kwamba tabu haikushinda.

Kumbukeni asubuhi ya Pasaka. Maria Magdalena alimwona Bwana Mfufuka akadhani ni mtunza bustani. Kaburi tupu halikumfumbua macho, na hata malaika hawakumfumbua. Alitambua pale tu alipoitwa kwa jina lake. Mungu hatuiti kwa namba, wala kwa jina la kuazima. Naye akiita, ni vema tuwe tunalijua jina letu.

Jina jema hung'ara gizani. Nawatakieni nyote juma jema na lenye baraka.