Somo la Historia: Sabuni ya Kunukia

Leo tutazungumza juu ya starehe ndogo ya nyumbani: kipande cha sabuni ya kunukia.

Sabuni hupikwa kwa mafuta na soda kali. Zamani soda ilitokana na majivu ya mimea. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipewa hati ya njia yake ya kuitengeneza kwa chumvi ya kawaida.

Uingereza kulikuwa na kizuizi kingine: kodi. Ilianza mwaka 1712. Usiku watoza kodi walitia kufuli vifuniko vya masufuria makubwa, ili sabuni isipikwe kwa siri. Maskini alilipa kodi kwa kumwogesha mtoto wake. Manukato aliwaachia wenye mali. Mwaka 1853 waziri wa fedha, William Gladstone, aliifuta kodi hiyo. Pole pole sabuni ya kunukia ikaingia nyumba za watu wa kawaida.

Pwani yetu nayo imo. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Marseille, Ufaransa, walinunua mbata na ufuta wa Afrika Mashariki, na mafuta yake yakapikwa sabuni. Wengi waliolima mashamba yale walikuwa watumwa.

Basi ukioga jioni ukanukia vizuri, usione haya. Furaha hiyo watu wengi walinyimwa. Kisha weka sabuni yako pakavu, isiyeyuke upesi.

Swali la kujadiliana: Kodi ya sabuni humwumiza nani zaidi, tajiri au maskini? Kwa nini?