Kiingereza Katika Nchi ya Shaba

Wako watu wanaofikiri kwamba Kiingereza ni lugha ya mbali, mali ya jirani zetu wa Zambia na Tanzania, na kwamba sisi wa Kolwezi, tuliolelewa kwa Kiswahili na kufundishwa kwa Kifaransa, hatuna habari nayo. Sivyo. Lugha hiyo ilipita katika nchi yetu tangu zamani, ikaacha nyayo. Tukizifuata nyayo hizo tutafahamu kwa nini wanafunzi wetu wengi huiona kuwa mzigo, na jinsi wanavyoweza kuipenda.

Tuanze Bunkeya, mji wa Mwami Msiri, ulio leo ndani ya jimbo letu la Lualaba. Mwaka 1886 alifika huko Frederick Stanley Arnot, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Skotlandi, na wenzake wakamfuata. Mwezi Novemba 1890 akaja Alfred Sharpe, mjumbe wa Waingereza, mwenye hati ya mkataba mkononi, ili nchi iwekwe chini ya bendera yao. Msiri hakuwa msomaji wa Kiingereza, lakini hakuwa mjinga. Alipofahamishwa maana ya maneno yale, alikataa. Mwaka uliofuata ukaja msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Mfalme Leopold II, na Msiri akauawa tarehe 20 Desemba 1891. Kuelewa maneno hakukumkinga na bunduki. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba aliitoa nchi yake bila kujua.

Baada ya hati zikaja sururu. Mwaka 1899 Robert Williams, naye Mskoti, aliunda kampuni ya Tanganyika Concessions, na George Grey akaongoza watu wake kutafuta madini katika Katanga. Mwaka 1906 ikaundwa Union Minière du Haut-Katanga, ambayo Waingereza walikuwa na sehemu ndani yake. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Kwa reli hiyo vilikuja mashine, makaa ya mawe na unga. Wakaja pia mafundi wa Kizungu, na vibarua wengi kutoka Rodezia ya Kaskazini na Nyasaland. Fedha ya Kiingereza ilipita mikononi mwa watu, na mgodi wa kwanza ulijulikana kwa jina la Kiingereza, Star of the Congo, kabla watu hawajazoea kuuita Étoile.

Lakini kilikuwa Kiingereza gani? Hakikuwa cha vitabu. Kilikuwa maneno machache ya kuamrisha, tena mara nyingi yakichanganywa na Fanakalo, lugha ya migodi ya kusini iliyotokana na Kizulu, Kiingereza na Kiafrikana. Njoo, beba, chimba, upesi! Mtu aliweza kufanya kazi miaka mingi, akayajua maneno hayo yote, wala asipate hata sentensi moja ya kusimulia habari za kwao. Alipewa lugha ya kusikia, si ya kusema.

Baada ya vita ya 1914–1918, Wabelgiji walizidi kuhofu nguvu ya Waingereza katika Katanga. Vibarua wa Rodezia walipunguzwa, wakaletwa watu wa Kasai, Maniema na Ruanda-Urundi. Kiswahili kikatiwa nguvu kiwe lugha ya kambi na ya kazi, na shule zikawa mikononi mwa misioni. Wabenedikto walikuwa wamekwisha kufika tangu 1910, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne. Juu ya Kiswahili kikawekwa Kifaransa. Basi, Kolwezi ilipojengwa mwaka 1937, Kiingereza kilikuwa kimekwisha kuondoka katika kazi. Maneno kama boyi, blanketi na buku yalibaki vinywani.

Kumbe pwani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Zanzibar, mwaka 1867, Edward Steere wa misioni ya Kianglikana alitoa kitabu kiitwacho Hadithi za Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na visa vya tamthilia za Shakespeare, kwa jinsi Charles na Mary Lamb walivyovisimulia upya kwa vijana. Mwaka 1929 kikatoka Kisiwa Chenye Hazina, kilichofasiriwa na Frederick Johnson pamoja na mwenzake. Na Julius Nyerere, aliyekuwa mwalimu katika shule za Kikatoliki za Tabora na Pugu kabla ya kuwa Rais, alifasiri Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hakuna bwana aliyemwamuru. Aliyafurahia maneno, akataka ndugu zake nao wayafurahie.

Tujifunze nini hapo? Kwamba lugha huingia moyoni kwa mlango wa furaha. Kwanza, soma vipande vifupi vya kitabu kizuri. Mistari kumi yatosha. Isome polepole kwa sauti, funga kitabu, simulia kisa kwa Kiswahili, kisha kiandike tena kwa Kiingereza kwa maneno yako mwenyewe. Kesho yake fungua kitabu ulinganishe.

Pili, mafumbo. Mtoto anayejibu "Tega!" amekwisha kuzoea mchezo huu, anajua kwamba kaa hutembea ufukweni, tena huwaka jikoni. Kiingereza nacho kina mambo hayo. Panga upya herufi za neno read, yaani kusoma, utapata dear, yaani mpendwa. Panga upya herufi za listen, kusikiliza, utapata silent, kuwa kimya. Fumbo la maneno yenye kukatizana katika vyumba, lijulikanalo sana magazetini, lilianzishwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, katika gazeti moja la New York tarehe 21 Desemba 1913. Darasa laweza kutunga la kwake ubaoni bila kununua kitu.

Tatu, kuandika. Mwanafunzi asianze na mfalme wa Uingereza ambaye hakumwona. Aandike sentensi tano juu ya soko, au garimoshi, au samaki wa ziwa la Nzilo. Akikosa neno, aulize. Kuuliza si ujinga.

Hapo pana neno moja ambalo kila kijana wa Kolwezi yampasa kulitafakari. Kwa Kiingereza mgodi ni mine. Na neno hilohilo, mine, maana yake pia ni "changu". Fumbo hilo si la kuchekesha tu. Mwaka 1967 migodi ya Union Minière ilitwaliwa na serikali, ikawa Gécamines. Katika karne hii kampuni za kigeni zimeingia tena, na Kiingereza kimerudi pamoja na karatasi zake. Madereva wetu wakivuka Kasumbalesa hukikuta Zambia, ambako ni lugha ya serikali. Kwa hiyo wazazi husema: mtoto ajifunze Kiingereza, apate kazi. Wasema vema. Lakini akijifunza maneno ya kazi peke yake, amerudi mwaka 1910. Atajua kuitika, hatajua kuhoji. Aliyezoea kusoma hadithi huuliza: nani anasema hapa? Kwa nini amesema hivi? Ni neno gani limefichwa? Kijana wa namna hiyo akiwekewa mkataba mbele yake ataulizauliza vilevile kabla ya kutia sahihi.

Basi, enyi walimu na wazazi, msiufiche mchezo wa maneno kana kwamba ni kupoteza wakati. Chukueni kipande kimoja kwa juma, na fumbo moja, na sentensi tano. Haba na haba hujaza kibaba. Na wazee walikwisha kutuonya: mali bila daftari hupotea bila habari.