Nusu ya jaribio la Medawar tuliyoisahau

Kama ulisoma baiolojia, huenda nawe uliambiwa kwamba ubongo ni eneo ambalo kinga ya mwili haifiki. Mimi niliambiwa hivyo chuoni, nikaandika kwenye daftari, nikajibia mtihani nikapata. Kumbe jaribio lenyewe lilisema zaidi ya hapo.

Mwaka 1948 Peter Medawar, mwanasayansi Mwingereza aliyeingia kwenye mambo ya kupandikiza ngozi kwa sababu ya majeruhi wa moto wakati wa vita, alichukua vipande vya ngozi ya sungura akaviweka ndani ya ubongo wa sungura wengine. Ngozi ya mgeni ikipandikizwa kifuani au mgongoni, mwili huikataa mapema tu. Ubongoni ilikaa. Wengi wetu tulifunga kitabu hapo. Lakini kulikuwa na sungura wengine, ambao kwanza walipandikizwa ngozi ya mgeni sehemu nyingine ya mwili, kinga yao ikaijua. Hawa walipowekewa ngozi hiyo ubongoni, ilishambuliwa ikaharibika. Yaani mlango upo! Ila askari wa mwili hawaingii kupigana mpaka wawe wamefundishwa adui ni nani.

Sasa njoo kwenye glioblastoma, saratani kali kuliko nyingi za ubongo. Daktari akiukata uvimbe, seli zake zinakuwa zimeshapenya pembeni, na huwezi kukata ubongo ovyo. Mwaka 2005 utafiti mkubwa ulionyesha kwamba ukiongeza dawa ya temozolomide juu ya mionzi, nusu ya wagonjwa wanafikisha miezi 14.6 badala ya 12.1. Miezi miwili na nusu! Na hadi leo hiyo ndiyo tiba ya msingi.

Ndiyo maana wazo la kufundisha askari nje, kisha kuwarudisha ndani, lina uzito. Mwaka 1989 Zelig Eshhar na wenzake huko Israel walionyesha kwamba seli T, askari wa kinga, inaweza kupewa kipokezi cha kutengenezwa ili itambue alama tunayoichagua sisi. Leo damu ya mgonjwa inatolewa, seli T zinatengwa, zinaingizwa jeni ya kipokezi, zinazalishwa kwa wingi, zinarudishwa. Huitwa CAR-T. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba hii kwa watoto na vijana wenye saratani ya damu.

Ubongoni ilikuwaje? Mwaka 2016 madaktari wa City of Hope, California, waliandika habari za mwanamume wa miaka 50 ambaye glioblastoma yake ilikuwa imerudi na kusambaa hadi uti wa mgongo. Kwanza waliziweka seli mahali uvimbe ulipokatwa. Pale palitulia, kwingine ukaendelea kukua. Wakabadilisha njia, wakazipitisha kwenye majimaji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Uvimbe wote ukanywea, hata wa mgongoni, na mtu yule akarudi kazini.

Nafuu hiyo ilidumu miezi 7.5. Saratani ilirudi sehemu mpya, na dalili zilionyesha kwamba ile alama iliyolengwa ilikuwa imepungua. Seli zenye alama ziliuawa, zisizo nayo zikapona, zikazaana. Hapo hulaumu askari, walifanya walichofundishwa.

Kwa hiyo watafiti wakaanza kulenga alama mbili kwa pamoja. Mwaka 2024 madaktari wa Boston waliripoti wagonjwa watatu waliopewa seli za aina hiyo. Mmoja, mama wa miaka 57, uvimbe wake karibu wote ulitoweka kwenye picha siku 5 baada ya dozi moja tu. Ulirudi. Wa pili naye ulirudi. Kwa mzee wa miaka 72 ulipungua kwa asilimia 60 hivi, na hali hiyo ikadumu zaidi ya miezi 6.