Kura Nyingi Zisizotosha: Miaka 120 ya Mvutano wa Madeni ya Shule California

Kwa zaidi ya karne moja, wilaya ya shule katika jimbo la California, Marekani, iliweza kupata kura za ndiyo 66 katika kila 100 na bado ikashindwa. Katiba ya jimbo ya mwaka 1879 ilidai theluthi mbili ya wapiga kura wakubali kabla wilaya haijauza hati fungani za kujengea madarasa. Anayelipa deni hilo ni mwenye nyumba au ardhi wa eneo lenyewe, kupitia kodi ya majengo, mara nyingi kwa miongo kadhaa.

Miaka ya 1970 bei za nyumba zilipanda kwa kasi na kodi ikazifuata. Wastaafu wenye pensheni isiyoongezeka waliogopa kupoteza makazi yao. Wanaharakati wa kupinga kodi, Howard Jarvis na Paul Gann, waliigeuza hofu hiyo kuwa kura: Juni 6, 1978, karibu asilimia 65 ya wapiga kura walipitisha Pendekezo Namba 13. Kodi iliwekewa kikomo cha asilimia 1 ya thamani ya mali, na thamani hiyo ikazuiwa isipandishwe zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka hadi mali itakapouzwa. Wilaya za shule nazo zikafungiwa mlango wa kukopa kwa hati fungani hizo, mpaka Pendekezo Namba 46 lilipoufungua mwaka 1986. Sharti la theluthi mbili likabaki palepale.

Machi 2000, Pendekezo Namba 26 lilitaka wingi wa kawaida wa kura utoshe. Wapinzani, wakiwemo wanachama wa jumuiya ya walipakodi yenye jina la Jarvis, walisema mwenye nyumba angebaki bila kinga, na pendekezo likaanguka. Watetezi wa shule walirudi Novemba na Pendekezo Namba 39. Safari hii walidai asilimia 55, lakini wilaya ingetakiwa kutaja miradi mapema na kukaguliwa hesabu kila mwaka. Sheria iliyoambatana nalo ilidai pia kamati ya wananchi, na ikampa kiti humo mwakilishi wa walipakodi. Pendekezo lilipita kwa asilimia 53.4, chini ya kiwango ambacho lenyewe liliziwekea shule.

Hofu ya wapinzani haikuwa ya bure. Mwaka 2011 wilaya ya Poway, kaunti ya San Diego, ilikopa dola milioni 105 kwa mpango wa kuanza kulipa baada ya miaka 20. Kwa riba, deni lote lilikaribia dola bilioni 1. Kukopa harusi, kulipa matanga. Mwaka 2013 jimbo liliweka sheria kwamba mikopo ya aina hiyo isizidi miaka 25, wala malipo yasizidi mara 4 ya fedha zilizokopwa.

Si haki theluthi moja ya wapiga kura kuwazuilia watoto darasa ambalo wengi wamekubali kulilipia. Hata hivyo, ukaguzi na kamati za leo zilizaliwa na ukaidi wa waliosema hapana. Mzazi anayetaka darasa jipya na mstaafu anayeogopa kodi wanastahili jibu moja la wazi kabla ya kupiga kura: tunakopa kiasi gani, na tutarudisha kiasi gani?