Ukuta Kama Baraza: Ushairi na Mshikamano wa Wachina Waliozuiliwa Angel Island, 1910–1940

Kituo cha wahamiaji cha Angel Island, katika ghuba ya San Francisco, kilifunguliwa Januari 1910. Sheria ya 1882 ilikuwa imewapiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia Marekani. Waliosalia na ruhusa, wakiwamo wafanyabiashara na watoto wa raia, walitakiwa kuithibitisha haki yao mbele ya maofisa. Kwa kuwa moto uliofuata tetemeko la 1906 uliteketeza kumbukumbu za uzazi za mji huo, wengi waliingia kwa hati za kununua, wakijitaja kuwa wana wa watu wasiowazaa. Maofisa nao wakazidisha mahojiano: nyumba za kijiji zimepangwaje, kisima kiko wapi, mlango una ngazi ngapi. Jibu lisilolingana na la shahidi liliweza kumrudisha mtu Uchina. Katika kusubiri huko, kwa wiki au miezi, wanaume waliandika mashairi kwenye kuta za bweni.

Aghalabu mashairi hayo husomwa kama vilio vya mtu mmoja mmoja. Umbo lake linaashiria jambo jingine. Mengi yana mishororo minne au minane, kila mshororo ukiwa na herufi tano au saba. Na kwa kuwa kila herufi ya Kichina ni silabi moja, mwanafunzi wa arudhi ya Kiswahili hatapata taabu kuitambua mizani. Watunzi waliwataja wafungwa wa kale, kama Mfalme Wen na Su Wu, wakijua kuwa msomaji wa kitanda cha jirani angeielewa dokezo. Baadhi walijibu tungo walizozikuta, wengine wakawausia watakaokuja baadaye, na ziko tungo zinazohusu waliongojea meli ya kuwarudisha. Huo ni ukuta unaofanya kazi ya baraza.

Takriban mashairi yote hayana jina la mtunzi, jambo linaloeleweka pale ambapo jina lenyewe ndilo lililokuwa likihojiwa. Hapa yanatofautiana na *Sauti ya Dhiki* (1973), ambayo Abdilatif Abdalla aliitunga gerezani Kenya kati ya 1969 na 1972: huko mtunzi alifungwa kwa maneno aliyoyaandika, na jina lake ni sehemu ya ushahidi.

Mshikamano haukuishia katika tungo. Katika miaka ya 1920 wanaume waliozuiliwa waliunda chama cha kujitawala, Zizhihui, kilichowapokea wageni na kuwasilisha malalamiko yao. Wapishi wa Kichina walipenyeza karatasi za majibu kutoka kwa jamaa wa mjini. Ushairi na karatasi hizo vilikuwa vya jumuiya ileile: kimoja kilimtia mtu moyo, kingine kilimwokoa asirudishwe.

Uongozi wa kituo uliyaona maandishi hayo kuwa uchafu, ukaamuru yapakwe rangi. Waliozuiliwa wakaacha wino, wakachonga. Mafundi wakaziba michongo kwa puti na kupaka rangi tena, na kwa kinaya cha historia, tabaka hizo zikasaidia kuihifadhi mbao. Smiley Jann na Tet Yee, waliozuiliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, walinakili mashairi mengi kwa mkono na kutoka nayo. Bila nakala zao, baadhi yangepotea kabisa.

Mwaka 1970, jengo likiwa katika hatari ya kubomolewa, mlinzi wa hifadhi Alexander Weiss aliyaona maandishi hayo. Wakubwa wake hawakuyajali. Waliojali ni Wamarekani wenye asili ya Asia, ambao kampeni yao iliifanya California itenge dola 250,000 mwaka 1976 kwa uhifadhi. Mwaka 1980 Him Mark Lai, Genny Lim na Judy Yung walichapisha *Island*, wakikusanya mashairi 135 pamoja na tafsiri na mahojiano. Katika mahojiano hayo wazee walisimulia mambo waliyokuwa wamewaficha hata watoto wao, kwani hofu ya kufukuzwa nchini kwa sababu ya hati za zamani ilikuwa bado hai.

Mkusanyo huo una pengo moja lisilozibika. Wanawake walilazwa katika jengo la utawala, nalo liliungua Agosti 1940. Kama walichonga, mbao zao zilikwenda na moto huo.