Spika mbili, sauti moja?

Sisi wa Jinja tulikuwa tunabebanisha spika zetu mbili kwenye kona moja. Kona inakuza besi, na besi inapenya ukuta. Majirani walichoka. Mkimbizi akigombana na jirani, si jambo dogo.

Tukarudi kwenye historia. Mwaka 1931, huko Uingereza, injinia Alan Blumlein alichoshwa na sinema: mtu anatembea kwenye skrini, sauti yake inabaki palepale. Akabuni stirio, njia mbili za sauti kwa masikio mawili. Wenzetu wa Mbale wanalijua jambo hilo bila umeme: kadodi za Imbalu zikipita, hata ukifumba macho unajua ngoma ziko upande gani.

Basi tumepanga upya. Spika tumezitoa konani, zikafika urefu wa masikio. Nafasi kati yake ni sawa na kutoka kila spika mpaka kiti, na zote tumezigeuza kidogo zimwangalie msikilizaji. Tukiweka rumba iliyorekodiwa kwa stirio, kila gitaa liko mahali pake, hata sauti ikiwa ndogo. Jirani hagongi ukuta tena. Jaribuni na nyinyi.